TUILINDE NYUMBA YA GUNZERT
Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Butimba, Mwanza



Leo sikuja kuwafundisha kusoma. Hilo mmekwisha kulishinda. Leo nimekuja kuwaomba kazi.

Mjini Mwanza, juu ya kilima, ipo nyumba ya zamani iitwayo Nyumba ya Gunzert. Wajerumani walifungua kituo chao Mwanza mwaka 1892. Theodor Gunzert alikuwa mkuu wao wa wilaya, mpaka Waingereza walipouteka mji Julai 1916. Mjerumani kaondoka. Mwingereza naye kaondoka. Nyumba imebaki.

Najua wapo watakaouliza: "Bwana Afisa, ya nini kutunza nyumba ya mkoloni? Si heri ibomolewe?"

Swali hilo ni la haki. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Asiye na fedha alilipa kwa jasho. Wazee wetu waliumia. Lakini majumba ya Wajerumani yalijengwa kwa mikono ya nani? Mawe na miti vilibebwa na Waafrika. Tukiyabomoa, anayefaidi ni mkoloni, maana tumemfutia ushahidi. Mtoto ataambiwa tulitawaliwa, lakini hataona mtawala alikaa wapi.

Sasa sikilizeni vizuri. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba za Wajerumani hapa Mwanza zilikuja baadaye. Kwa hiyo hazilindwi kwa umri wake tu. Ni lazima Waziri atangaze katika Gazeti la Serikali kwamba jengo fulani ni kumbukumbu ya Taifa. Na wakubwa watajuaje kwamba wananchi wanalitaka jengo lao, kama wananchi wenyewe wamenyamaza?

Hata hivyo, karatasi peke yake haishiki ukuta. Mnalijua Jumba la Maajabu la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia, na jumba hilo likiwamo. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba ilianguka. Watu wawili walikufa.

Adui wa nyumba ya zamani ni maji. Bati likitoboka, mvua inaingia. Mbao zinaoza, mchwa wanakula, ukuta unalegea. Tena, ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Fundi akiupiga saruji ngumu kwa nje, unyevu hufungiwa ndani, na chokaa hugeuka vumbi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta mpya si ule wa zamani.

Msiseme kwamba kazi hii ni ya wasomi wa Dar es Salaam. Hapa jirani, Bujora, ipo Makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padri David Clement. Ngoma za watemi zimehifadhiwa pale. Zisingehifadhiwa, leo tungewaonyesha nini wajukuu?

Basi kazi ninayoomba ni hii:

Kwanza, kila mmoja aende kwa mzee wake. Amwulize anachokijua juu ya nyumba zile za zamani. Aandike kwenye daftari, pamoja na jina la mzee na tarehe.

Pili, suala hili lisemwe katika mkutano wa mtaa, liingie katika kumbukumbu za mkutano.

Tatu, tuandike barua kwa diwani. Mistari minne inatosha: sisi ni nani, tunataka jengo gani litunzwe, kwa sababu gani, na tunaomba jibu lini. Tutie sahihi zetu.

Zamani mwananchi aliweka dole gumba chini ya maneno aliyoandikiwa na mtu mwingine. Ninyi mna kalamu zenu. Zitumieni kabla mvua za masika hazijafika.