Jina la Gari na Meno ya Difu



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ufundi wa magari. Nitasema juu ya difu, na juu ya kosa langu.

Kwanza majina. Wengi huona namba ya pikapu wakadhani ni nguvu ya injini. Sivyo. Land Rover ya zamani iitwayo 109 ilipewa jina hilo kwa kuwa toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Huko Marekani, Chevrolet za zamani zilikuwa na utaratibu mwingine: C huvutwa na magurudumu mawili, K manne, 10 ni nusu tani, 20 robo tatu ya tani, 30 tani moja. Basi jina lina habari, lakini halikuambii difu ina meno mangapi.

Ndani ya difu mna gia ndogo, pinioni, inayozungusha gia kubwa, krauni. Katika 109 yenye ekseli ya Rover, krauni ina meno 47 na pinioni 10: shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Katika Range Rover za kwanza ni 46 kwa 13, yaani 3.54. Ile ina nguvu ya kupanda, hii ina mbio. Kwa nje hufanana kama mapacha, na moja huingia mahali pa mwenziwe.

Mwaka 1986, huko Njombe, niliifunga difu ya Range Rover nyuma ya 109, ya mbele nikaiacha. Sikuhesabu meno. Mwenye gari alifurahi, maana barabarani lilikimbia. Mvua ziliponyesha, dereva akatia gia ya magurudumu manne akiwa na shehena ya viazi. Katika matope liliteleza tu. Lilipofika penye changarawe ngumu, magurudumu ya nyuma yalitaka kwenda mizunguko 133 kila ya mbele yakienda 100. Shafti ya gurudumu ikakatika. Viazi vilioza njiani. Dereva aliambiwa ameharibu gari, akafukuzwa kazi.

Nilipoifungua difu nikahesabu meno, nikajua. Nilinyamaza siku tatu. Siku ya nne nilikwenda kwa mwenye gari nikasema kosa ni langu, nikalitengeneza bila ujira. Lakini dereva alikwisha rudi kwao. Nilimwandikia barua; hakurudi.

Wanafunzi, kuhesabu huchukua dakika kumi. Zuieni magurudumu kwa mawe, maana breki ya mkono ya Land Rover hushika shafti nanyi lazima muiachie. Wekeni gia huru. Inueni gurudumu moja tu kwa jeki, tieni alama ya chaki juu yake na juu ya shafti. Lizungusheni gurudumu mara mbili kamili, mhesabu shafti imezunguka mara ngapi. Ikiwa karibu tano kasorobo, ni 4.7, ikiwa tatu na nusu, ni ile nyingine. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwa ekseli ya pili.

Hesabu tuliyofundishwa katika madarasa haya ilinitosha kabisa kwa kazi hiyo. Sikuitumia. Yule dereva ndiye aliyelipa.