Tope la Minamata



Sisi tulao samaki kila siku yatupasa kuijua habari ya Minamata, Japani. Tangu mwaka wa 1932 kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki ghubani. Ikatua topeni, ikaingia katika samaki na chaza. Wakaugua paka, kisha wavuvi, hata watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao. Maradhi yalijulikana rasmi mwaka wa 1956. Mwaka wa 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto waliitaja zebaki. Serikali ilikiri lini? Mwaka wa 1968, kiwanda kilipokwisha kuacha kuimwaga! Na lile tope? Kulizoa na kulifukia kulianza 1977, kukamalizika 1990. Hekta 58 za ghuba zikageuka nchi kavu.