Somo la Bao: Tazama Ng'ambo Kabla ya Kutia Kete

Natumaini kila darasa lina karatasi, kalamu ya risasi na kokoto za kutosha. Leo hatusomi barua wala hesabu ya duka. Leo tunasoma bao, na mtaona kuwa hesabu imo ndani yake, tena nyingi.

Nasema hasa na wewe uliyeanza juzijuzi. Umekaa barazani Mji Mkongwe, pengine kule Soko Muhogo penye kahawa, ukawatazama wazee wakicheza. Mikono yao inakwenda mbio hata jicho haliwezi kuifuata. Siku moja wanakuita, "Haya, kijana, karibu ukae." Unakaa, na kabla kahawa haijapoa umefungwa, na kete nyingi ungali nazo mkononi. Watu wanacheka. Kicheko hicho kimewafukuza wengi barazani wasirudi tena, nao wangeweza kuwa wachezaji wazuri.

Basi tuchore. Bao lina safu 4, na kila safu ina mashimo 8. 4 mara 8 ni 32. Safu 2 za upande wako ni zako, na 2 za ng'ambo ni za mwenzako. Kete zote ni 64, kila mtu 32. Kete za desturi ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Kokoto zinafaa vilevile.

Katika safu yako ya mbele andika nambari 1 mpaka 8, ukianzia mkono wa kushoto. Shimo la 5 ndilo nyumba. Tia kete 6 katika nyumba, 2 katika shimo la 6, na 2 katika shimo la 7. Jumla ni 10. Zilizobaki 22 zishike mkononi. Mwenzako naye hupanga vivyo hivyo, akihesabu kutoka kushoto kwake. Lakini ninyi mnatazamana, kwa hiyo nyumba yake inakabili shimo lako la 4, si la 5. Andika juu ya shimo la 4: "nyumba yake". Maneno mawili hayo yatakuokoa mara nyingi.

Mchezo unaanza kwa kunamua. Kila zamu unatoa kete 1 mkononi na kuitia katika shimo la mbele lenye kete tayari. Ikiwa shimo linalolikabili ng'ambo lina kete, unazila zote. Kula ni lazima, upende usipende. Kete ulizokula unazitia moja moja upande wako, ukianzia kichwani, yaani shimo la 1 au la 8, ukija katikati. Ukilia katika shimo la 1 au la 2, anzia kichwa cha kushoto. Ukilia katika la 7 au la 8, anzia cha kulia. Mahali pengine unachagua mwenyewe. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na ng'ambo pana kete, unakula tena. Ikiwa hakuna cha kula, unachota zilizomo na kuendelea.

Na kama tangu mwanzo hakuna cha kula? Hapo unatakata: unaongeza kete 1 katika shimo, unachota zote, unazigawa kulia au kushoto. Katika zamu hiyo huli kitu.

Sasa jaribu nami. Wewe ndiye unayeanza. Kete zako ziko 5, 6 na 7, na ng'ambo ya mashimo hayo ni kutupu. Lazima utakate. Mgeni hutia kete shimo la 7, akachota 3, akazipeleka kushoto: moja shimo la 6, moja nyumbani, moja shimo la 4. Anafurahi. Anasema moyoni, "Nimesimama mbele ya nyumba yake. Zamu ijayo nitamla zote 6."

Bwana wee, zamu ijayo si yako. Yeye atatia kete katika nyumba yake na kuila ile moja yako ya shimo la 4. Hukumtisha, umempa. Kete 1 ni kidogo, lakini mtu mwenye tabia hiyo leo atatoa 1, na baadaye atatoa nyumba nzima.

Rudisha kete. Sasa tia shimo la 6, chota 3, peleka kulia: shimo la 7, shimo la 8, kisha ile ya mwisho inazunguka kwenda safu ya nyuma. Tazama ng'ambo. Hana cha kula popote. Naye atalazimika kutakata, na huenda yeye ndiye atakayekufungulia mlango.

Juu ya nyumba, wanafunzi wangu huigawanya dunia mara mbili. Wengine hawaigusi kabisa, kama mali ya urithi. Wengine huivunja mapema kwa pupa. Kanuni ni hii: wakati wa kunamua, ukila, na kete ya mwisho ikaangukia nyumba yako usipokuwa na cha kula hapo, una hiari. Unaweza kulala, au unaweza kuchota zote na kwenda safari. Hesabu kabla. Ukila 5 ukaanzia kushoto, ya tano inaangukia nyumba. Ukila 4 ukaanzia kulia, ya nne inaangukia nyumba pia. Basi unajua mapema kama safari ipo.

Tuseme umekula 5 kutoka kushoto, na nyumba sasa ina kete 7. Ukisafiri, 3 zitaingia mashimo ya 6, 7 na 8, na 4 zitapita nyuma. Za nyuma haziliwi. Ni akiba salama. Lakini usijaze nyuma ukasahau mbele, kwa maana anayemalizikiwa na safu ya mbele amefungwa, hata akiwa na kete 30 nyuma.

Mkono ukiisha, mnaingia katika mtaji: unachota shimo lenye kete 2 au zaidi na kugawa. Mtaji katika biashara ni fedha ya kuanzia. Katika bao ni nafasi ya kula. Asiyeweza kucheza tena naye amefungwa. Sehemu hiyo, pamoja na mambo ya kutakasia, tutaisoma wakati mwingine, kwani ni nzito. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikaa na mabingwa wa Unguja akichunguza jinsi wanavyohesabu, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Akina mama mnaosikiliza nyumbani, kokoto 64 hazijui mwanamume wala mwanamke. Chimbeni uani mcheze.

Zoezi: tia kete shimo la 7, peleka kulia. Andika idadi ya kete katika kila shimo, kisha jumlisha na za mkononi. Ubaoni ziwe 11, mkononi 21. Zikipungua, tazama chini ya mkeka.