USIACHE MBACHAO: CHAKULA CHA NYUMBANI NA AFYA YA TUMBO

(Mazungumzo juu ya afya)

Kijana atokaye shambani kwenda mjini kutafuta kazi hubadilisha mambo mengi kwa muda mfupi. Hubadilisha mavazi, nyumba, usemi na saa za kulala. Lakini kuna badiliko moja ambalo aghalabu halifikiri, nalo ni badiliko la sahani yake. Kwao alikula githeri, viazi vitamu, kunde na uji wa wimbi. Mjini, asubuhi hunywa chai yenye sukari nyingi pamoja na mkate mweupe au mandazi; mchana hununua chipsi na soda; na jioni hupika ugali wa unga uliokobolewa ukawa mweupe kama chokaa.

Arudipo nyumbani kwa likizo, akaandaliwa githeri, huona haya kidogo, kana kwamba amerudishwa katika umaskini. Na mama yake, kwa kutaka kumheshimu, hukificha chungu cha githeri na kumtuma mtoto dukani akanunue mkate. Basi neno kubwa la mazungumzo haya ni kwamba mama huyo hana sababu ya kuona haya. Chakula alichokificha ndicho kilichomjengea mwanawe tumbo zuri, na elimu ya siku hizi inamshuhudia.

KAZI YA MATUMBO

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kufuata safari ya chakula. Kikisha kutafunwa hushuka tumboni, kisha huingia katika utumbo mwembamba, ambao urefu wake kwa mtu mzima ni kama mita 6. Humo ndimo sehemu kubwa ya nguvu ya chakula inamonyonywa na kuingia katika damu. Yaliyobaki huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita moja na nusu.

Watu wengi hudhani ya kuwa utumbo mpana ni mfereji wa taka tu. Sivyo. Humo wanaishi vijidudu wasiohesabika, wadogo hata hawaonekani kwa macho. Watu wamefundishwa kwamba kila kijidudu ni adui, lakini wengi wa hawa ni kama vibarua katika shamba: wakipewa posho yao, hufanya kazi ya kumfaa mwenye shamba. Posho yao ni nyuzinyuzi, yaani yale makapi ya nafaka, maharagwe, mboga na matunda ambayo tumbo la mtu haliwezi kuyasaga lenyewe. Vijidudu huyachachisha makapi hayo na kutoa asidi za namna fulani ambazo hulisha ngozi ya ndani ya utumbo, huituliza, na kusaidia kinga ya mwili mzima.

Mtu alaye vyakula vilivyoondolewa makapi huwanyima vibarua hao posho. Wengine hufa, na wengine wasiofaa huchukua nafasi yao. Choo nacho huwa kigumu na kidogo. Ndipo mtu akimbiliapo dawa ya kuharisha, akaizoea, asijue ya kuwa dawa aliyoihitaji ilikuwa imetupwa pamoja na pumba mashineni.

MADAKTARI WALIYOYAONA UGANDA

Jambo hili lilichunguzwa sana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka wa 1929, kisha akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Daktari mwingine, mpasuaji Denis Burkitt, aliingia Uganda mwaka wa 1946 akakaa huko karibu miaka 20. Wote wawili waliona ya kuwa baadhi ya magonjwa yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama vile kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa haba sana kwa watu wa vijijini.

Burkitt aliporudi Uingereza hakuliacha swali hilo. Yeye na wenzake waliwapa watu vidonge vidogo wavimeze, vidonge visivyoyeyuka na vinavyoonekana kwa picha ya eksirei, wapate kujua chakula huchukua muda gani kupita mwilini. Mwaka wa 1972 walitangaza habari zao. Kwa watu wa vijijini Uganda, safari hiyo ilichukua kama siku moja na nusu. Kwa Waingereza waliopimwa ilichukua zaidi ya siku tatu. Choo cha mwanakijiji kwa siku kilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 400, hali cha Mwingereza kilikuwa kama gramu 100. Huenda watu wengine wakacheka kusikia daktari akipima choo kwa mizani, lakini katika mizani ile kulikuwa na fundisho.

Si kila neno alilolisema Burkitt limethibitika, maana magonjwa yana sababu nyingi. Lakini shina la fundisho lake limesimama, na waliokuja baadaye wameliongezea matawi.

MAJARIBIO YA KUBADILISHANA VYAKULA

Mwaka wa 2015 yalitolewa matokeo ya jaribio zuri. Watu 20 weusi wa Marekani na watu 20 wa mashambani Afrika ya Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani, waliokuwa wakila nyuzinyuzi kama gramu 14 kwa siku, walipewa gramu 55. Waafrika, waliokuwa wakila kama gramu 66, walishushwa hadi gramu 12, na mafuta yakaongezwa. Baada ya wiki hizo mbili, matumbo yao yalikuwa yamebadilika. Wamarekani walipata nafuu katika ngozi ya utumbo. Waafrika walionyesha dalili zile zinazofuatana na hatari ya saratani ya utumbo.

Tena mwaka wa 2025 yakatolewa matokeo kutoka karibu zaidi, mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania. Wanaume 77 wenye afya njema, wa mjini na wa mashambani, walishiriki. Baadhi ya wale wa mashambani waliacha chakula cha asili kwa wiki mbili wakala vyakula vya kizungu vilivyotengenezwa viwandani: katika damu yao dalili za uvimbe wa ndani zilipanda, na askari wa damu wakapungukiwa na uwezo wa kupambana na vijidudu vya maradhi. Wale wa mjini waliorudia chakula cha asili waliona kinyume chake, dalili za uvimbe zikashuka. Baadhi ya mabadiliko hayo yalionekana hata wiki nne baada ya jaribio kwisha.

Wengine walipewa mbege, kinywaji cha ndizi na wimbi kilichochachishwa, kwa wiki moja, nao pia walionyesha faida. Lakini wapenzi wa pombe wasishangilie upesi. Mbege ina kileo, na madhara ya ulevi yanajulikana katika kila kijiji. Faida ya kuchachisha hupatikana vilevile katika uji uliochachuka na katika maziwa lala, ambavyo havimpotezi mtu njia ya kwake.

Majaribio haya ni ya watu wachache na ya siku chache, wala hayasemi kwamba sahani moja ya chipsi huleta ugonjwa. Yasemayo ni kwamba mwili huitambua sahani upesi kuliko watu walivyodhani, na kwamba njia ya kurudi ipo wazi.

YANAYOWEZA KUFANYWA NYUMBANI

Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Hakuna haja ya mizani jikoni. Mambo haya machache yatosha.

La kwanza ni unga. Nafaka ikobolewapo, huondolewa pumba na kiini, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Wenye viwanda hufanya hivyo kwa sababu kiini kina mafuta, na mafuta hufanya unga uchache upesi ghalani. Basi mwenye kutumia unga usiokobolewa na asage kidogo kidogo, wa kutosha siku chache.

La pili ni jamii ya kunde: maharagwe, mbaazi, ndengu, kunde zenyewe. Asiyezizoea aanze kwa kiasi, aziloweke usiku kucha na kumwaga maji yake, tena anywe maji ya kutosha. Tumbo litajaa hewa siku za kwanza, kisha litazoea. La tatu ni mboga za majani, kama sukuma wiki, mchicha na mnavu, zisizopikwa hadi zikapoteza rangi, na matunda ya msimu badala ya soda.

TAHADHARI

Kusifu chakula cha nyumbani si kusema kwamba kila desturi ya zamani ni njema. Mahindi yaliyovunwa yakiwa mabichi na kuwekwa penye unyevu huota kuvu yenye sumu ya aflatoksini, isiyokwisha kwa kupikwa. Mwaka wa 2004, katika sehemu za Ukambani, watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Mahindi yenye kuvu yasiliwe, wala yasisagwe kwa kuchanganywa na mazuri.

Kadhalika, maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Chai au uji uachwe upoe kidogo, kwa maana vinywaji vya moto mno, vinavyopita digrii 65 za joto, huenda vikasababisha saratani ya umio. Na mtu akiona damu katika choo, au akikonda bila sababu, au choo chake kikibadilika kwa wiki kadhaa, asijitibu kwa dawa ya kuharisha wala kwa githeri. Aende hospitali mara moja, kwani ugonjwa ukionekana mapema hutibika kwa wepesi zaidi.

Mabibi na Mabwana, wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mkate na chipsi havikukatazwa, wala mji haukukatazwa. Lakini mwenye kazi mjini aweza kuloweka maharagwe usiku kama mamaye alivyofanya, na mwenye watoto aweza kuwapa viazi vitamu asubuhi bila kuwaambia kwamba ni chakula cha maskini. Mtoto asikiapo chakula cha nyumbani kikidharauliwa, hukidharau maisha yake yote. Na gharama ya dharau hiyo atakuja kuilipa kwa tumbo lake.