Ndege gani wa kufuga nyumbani?

Mtu wa mjini akitaka ndege wa kufuga hutazama rangi, halafu bei. Mimi ningemshauri aanze na maswali mawili: ndege huyu kazaliwa wapi, na anakula nini?

Huku Same mjini ni jua na vumbi. Lakini panda hadi msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, utakuta ukungu na baridi ya kuvalia sweta. Katika misitu hiyo anaishi ndege mdogo mwenye mgongo wa kijani na duara jeupe kuzunguka jicho. Wataalamu humwita Zosterops winifredae, naye hapatikani popote duniani ila katika milima hii ya Upare Kusini. Chakula chake ni wadudu na matunda madogo. Sasa mnase kwa ulimbo, mteremshe kwenye joto la Same, mtie ndani ya tundu na umwekee mtama. Huyo hujafuga, umemuua polepole.

Mwingine atasema, basi nichukue wale kasuku wadogo wenye uso mwekundu wa upande wa kusini mwa Ziwa Viktoria, maana wao hula nafaka. Ni kweli. Lakini hao ndio waliokamatwa kwa maelfu na kuuzwa ng'ambo katika miaka ya 1980, mpaka wakapungua porini. Tena, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata ndege wa porini kunahitaji kibali. Ukimnunua bila karatasi, kesi ni yako, si ya yule kijana wa kando ya barabara.

Chagua ndege ambaye ukoo wake umezoea tundu: kanari, au kasuku wadogo wa asili ya Australia. Kanari dume ndiye mwimbaji hasa, kwa hiyo usiuziwe jike kwa bei ya wimbo. Tazama mguu pia. Wafugaji makini huvisha kifaranga pete isiyofunguka angali na siku chache tu. Ndege anayejigonga kwenye nyaya kila ukimsogelea, mwache. Aliyejikunyata huku kavimbisha manyoya mchana kweupe, mwache vilevile, huyo anaumwa.

Mimi binafsi, kwa nyumba yenye uwa, napendelea njiwa. Anakula mahindi na mtama, hutaga mayai mawili, na dume na jike hupokezana kuatamia kwa siku kama 18 hivi. Mlango wa banda humfungulia asubuhi, naye jioni hurudi mwenyewe. Mnunue wawili, dume na jike, na uwafungie wiki kadhaa wazoee banda kabla ya kuwaachia, la sivyo watarudi kwa aliyekuuzia.