Mtoto Akiugua Baada ya Zahanati Kufungwa

  Mimi ni muuguzi wenu wa jamii hapa Yamumbi. Leo tunazungumza juu ya matibabu ya usiku na ya wikendi. Kila nikilitaja jambo hili barazani au kliniki, akina mama hupandwa na hasira. Huniuliza, "Sista, mtoto akiugua mchana anatibiwa. Mbona akiugua usiku tunazungushwa?"

Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Tuanze na hesabu rahisi. Wiki moja ina saa 168. Zahanati inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, iko wazi kwa saa 45 pekee. Zinabaki saa 123 ambazo mlango una kufuli. Nimonia haijui Jumamosi, na degedege haingoji kupambazuke. Kwa hivyo ni rahisi zaidi mtoto kuzidiwa wakati zahanati imefungwa kuliko wakati iko wazi.

Giza likiingia, mtu wa Yamumbi, Langas au Kapseret hufikiria Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, jijini Eldoret. Ni hospitali kubwa, na katika uwanja wake iko hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka wa 2015. Lakini ni hospitali ya rufaa ya taifa. Hupokea wagonjwa mahututi kutoka Nandi, Trans Nzoia, Elgeyo-Marakwet, Turkana na kaunti nyingine nyingi. Mtoto mwenye mafua akipelekwa huko saa nne usiku, atangoja nyuma ya walioletwa na ambulensi, na ni sawa angoje. Mtoto aliye hatarini hafai kungoja hata kidogo. Tatizo ni kwamba wote wawili hupitia mlango mmoja, na asiyesema shida yake huonekana kama mwingine yeyote.

Vipo pia vituo vidogo vyenye kibao cha saa 24. Hapo mama, uwe macho. Katika vituo vingi, usiku kuna muuguzi mmoja tu, naye yuko katika wodi ya kujifungulia. Mama akiwa anajifungua, muuguzi huyo hawezi kumwacha aje kumwona mtoto wako. Kwa hivyo usiamini kibao pekee. Uliza mchana, kabla hujahitaji: "Usiku kuna mtu wa kutibu watoto? Kuna oksijeni? Maabara inafanya kazi hadi saa ngapi?" Ukishapata majibu, waambie na majirani.

Sasa nitawaeleza usiku wa mama mmoja wa mtaa wetu. Jina lake nayaweka kando pamoja na jina la kituo. Mtoto wake wa miezi saba alikuwa na kikohozi. Walifika saa tatu usiku. Dirisha la kadi halikuwa na mtu. Waliambiwa karani ameenda kula. Karani aliporudi walilipia kadi, wakaonyeshwa benchi, wakaambiwa wafuate laini. Saa tano, mama aliyeketi kando yake alimulika mtoto kwa tochi ya simu. Akaona kila mtoto anapovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani. Hakungoja laini. Alimshika mwenzake mkono, wakaingia chumba cha matibabu, akasema kwa sauti, "Mtoto huyu kifua kinaingia ndani!" Baada ya dakika chache mtoto alikuwa kwenye oksijeni. Alipona.

Fikirini juu ya saa hizo mbili. Oksijeni ilikuwapo. Dawa zilikuwapo. Mhudumu alikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kumtazama mtoto alipoingia mlangoni. Hilo ni kosa la kituo, si la mama. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kuwapanga watoto wagonjwa, na wahudumu wa afya nchini Kenya hufundishwa mwongozo huo. Unasema kila mtoto atazamwe mara tu anapofika, kabla ya kadi na kabla ya malipo, kisha awekwe katika kundi lake. Wa kwanza ni wenye dharura. Hutibiwa papo hapo. Wa pili ni wenye kutangulizwa. Huwekwa mbele ya laini. Wa tatu ni wale wanaoweza kungoja. Hospitalini huita kazi hii triaji. Usiku, kazi hii ndiyo huachwa kwanza watu wakiwa wachache au wakichoka.

Kwa kuwa huachwa, ni lazima wewe mlezi uzijue dalili mwenyewe. Dalili za dharura ni hizi. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea sana, haamki au hakutambui. Anapumua kwa shida, kifua kinaingia ndani, au midomo imegeuka rangi. Anahara huku macho yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Ukiona moja tu kati ya hizi, usingoje asubuhi. Ondoka.

Kwa mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi. Ngoja atulie, fungua nguo, tazama kifua au tumbo likipanda na kushuka kwa dakika moja nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Andika namba hiyo kwenye karatasi uende nayo.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili ana sheria yake. Akiwa na joto la 37.5 au zaidi, akiwa baridi kuliko kawaida, au akiacha kunyonya vizuri, hakuna cha kusubiri. Watoto hawa huzidiwa kwa saa chache, tena bila kelele.

Hata kabla ya kuondoka, kuna mambo ya kufanya. Anayeweza kunyonya, endelea kumnyonyesha hata njiani. Anayehara, mpe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Mchanga, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, umfunike kwa lesso na blanketi, maana usiku wa kwetu una baridi kali. Mwenye degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimmwagie maji. Tena, usipitie kemisti kununua nusu dozi ya antibiotiki ili upime kama itasaidia. Ni hapo saa za thamani hupotea, na sisi walezi tunachangia. Wengine hungoja baba arudi ndipo mtoto apelekwe. Baba akiwa mbali, apigiwe simu wakati mtoto yuko njiani.

Ukifika, usianze na historia ya tangu Jumatatu. Usianze na dirisha la kadi. Mtafute muuguzi au daktari wa zamu, useme sentensi moja: umri wa mtoto, kisha dalili ya hatari. Kwa mfano, "Ana miezi saba, anapumua mara 64 kwa dakika, kifua kinaingia ndani." Au, "Ana wiki tatu, hajanyonya tangu mchana." Mhudumu aliyechoka anaweza kupita kando ya mama anayelia, kwa kuwa usiku wengi hulia. Hawezi kuipita namba hiyo. Wakati mtoto anahudumiwa, mtu uliyekuja naye atafuata kadi. Na kama mtoto amesafiri karibuni kwenda Kisumu, Busia au Kakamega, sema, kwa sababu malaria huko ni nyingi kuliko hapa kwetu.

Ukiambiwa ungoje, uliza kwa upole, "Mtoto ametazamwa? Yuko kundi gani?" Kisha endelea kumwangalia. Hali ikibadilika, rudi mara moja ukaseme, "Amebadilika." Huo si usumbufu. Watoto wanaotangulizwa pia ni wa chini ya miezi miwili, walioungua, waliokunywa sumu au mafuta ya taa, waliokonda sana au kuvimba miguu, wenye viganja vyeupe kwa kupungukiwa damu, na wenye barua ya rufaa. Kwa hivyo ukihamishwa kutoka kituo kidogo, usiondoke bila barua. Omba iandikwe dawa aliyopewa na saa aliyopewa, na uombe wapige simu mbele kabla hujafika.

Sheria iko upande wako. Mnamo Oktoba 2015, Wakenya walishtuka kusikia kwamba mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 jijini Nairobi akitafutiwa hospitali ya kumpokea. Alifariki. Wakati huo Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, ilikuwa tayari inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 ikaweka meno: kituo chenye uwezo kikikataa kutoa matibabu ya dharura kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Matibabu hayo ni pamoja na kuimarisha hali ya mgonjwa au kumpangia uhamisho. Haina maana kwamba gharama zote zimefutwa. Maana yake ni kwamba mtoto aliye hatarini ahudumiwe kwanza, mambo ya pesa yafuate.

Na hasira yako je? Usiitupe, wala usiimwage kwa matusi dirishani. Aliye pale usiku mara nyingi ndiye pekee aliyekuja kazini. Itie kwenye karatasi. Andika tarehe, saa uliyofika, saa mtoto alipotazamwa na saa alipopata dawa. Kama dirisha halikuwa na mtu, andika kwa dakika ngapi. Kama ulitumwa nje usiku kununua glavu, andika. Sheria hiyo ya 2017 inakupa haki ya kulalamika kuhusu ulivyohudumiwa. Peleka karatasi kwa mkuu wa kituo, na nakala kwa kamati ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi. Wasipojibu, nenda idara ya afya ya kaunti, kwa maana tangu 2013 zahanati na vituo vya afya vya serikali viko chini ya kaunti. Malalamiko ya "wanatuzungusha" husahaulika kesho yake. Karatasi kumi zenye saa na tarehe humsaidia hata mkuu wa kituo kuomba muuguzi wa pili wa usiku. Nami nawaambia kama muuguzi, wengi wetu tunamtaka huyo wa pili kuliko ninyi.

Mwisho, maandalizi. Zoea kumtazama mtoto mgonjwa saa tisa alasiri, si saa tatu usiku. Jiulize: ananyonya? anapumua vipi? ana nguvu kuliko asubuhi? Kama una shaka, mpeleke zahanati wakati mlango bado uko wazi. Siku ya Ijumaa usisite, maana ukipitwa na saa kumi na moja, unangoja hadi Jumatatu. Kubaliana mapema na mwendesha bodaboda au jirani mwenye gari unayemwamini, na uwe na namba zao mbili, kwa sababu mmoja anaweza kulala simu imezimwa. Mvua ikinyesha na njia ziwe matope, mwambie akujulishe njia inayopitika. Weka pamoja katika mfuko mmoja kijitabu cha mama na mtoto, nakala ya kitambulisho, pesa kidogo, lesso na pakiti mbili za ORS. NHIF ilibadilishwa na SHA kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Kama hujajiandikisha, bonyeza *147# mchana ukiwa umetulia, na uwaandikishe watoto pia. Mjue mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako na nyumba yake. Na mwonyeshe dada wa nyumbani mfuko uliko, kwa kuwa huenda siku hiyo wewe hupo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu ni haya. Ni kituo gani karibu nasi kina mtu wa kutibu watoto usiku, na nani atakwenda kuuliza wiki hii? Ni nani kati yetu ana gari au pikipiki ya kutegemewa baada ya saa tatu? Na ni nani atakayekusanya karatasi zetu za malalamiko na kuzifikisha?

 Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhara na zinki. Laleni salama, ninyi na watoto wenu.