Tuonyesheni daftari la mita!
(Mazungumzo na vijana wa Majengo, Moshi)

Ndugu zangu vijana, ng'ambo ya Holili, mwaka 2012, serikali ya Kenya ilitunga kanuni: kiwanda kinachokula umeme kuanzia yuniti 180,000 kwa mwaka kikaguliwe kila miaka mitatu, na angalau nusu ya akiba atakayoionyesha mkaguzi itekelezwe. Hapo maneno matamu hayasaidii. Mfumo wa ISO 50001, uliotolewa 2011, nao unadai hivyo hivyo: pima, weka lengo, rekebisha, pima tena. Cheti ukutani si akiba, hata kikiwa na fremu ya dhahabu!

Mtauliza, sisi walalahoi yanatuhusu nini? Mvuke ukivuja na mota ikizunguka bure, bili inapanda. Bosi akibanwa, wa kwanza kupunguzwa ni kibarua.

Nani anasema haiwezekani? Hapo Arusha Chini, TPC huchoma makapi ya miwa, hupata mvuke na umeme wa kuendeshea kiwanda, na ziada huiuzia TANESCO.

Nyie mnaopiga vibarua kwenye kahawa, mbao na unga mnayajua mabomba mabovu kuliko mkaguzi wa siku mbili. Andikeni: bomba lipi, linavuja tangu lini. Kisha mwulizeni meneja mita ilisoma ngapi mwezi uliopita.